Paka Aliyeonyeshwa Njia

Kwetu mtu akihama na paka humtia kwenye kiroba, akakifunga mdomo, akaacha vitundu vya kupumulia. Sababu yake anaijua hata mtoto mdogo: mbwa ni wa mtu, paka ni wa nyumba. Mbwa utahama naye hata uhamie jangwani, atakachotaka ni wewe na mfupa wake. Paka akiiona njia atarudi alikotoka, na wewe utabaki unaita nyau nyau kwenye ua usio wako mpaka majirani waanze kukuogopa. Kwa hiyo paka haonyeshwi njia. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo, tangu nikiwa mtoto wa kukimbia na chupi uwanjani. Ndiyo maana siku alipofungua kiroba pale Dumila, mchana kweupe, akakitoa kichwa cha paka dirishani na kumwonyesha daraja, nilimuuliza kama ameanza kuzeeka vibaya. Nilimuuliza kwa adabu, lakini nilimuuliza.

"Anaona joto," akasema, na akaendelea kumwonyesha.

Tulikuwa tunahamia Mpanda. Mume wangu ni mtu wa misitu, mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali hana kwao. Kwao ni pale alipopangiwa. Yeye amezaliwa Nzega, kwenye tambarare, mlima kwake ni kitu cha kupigia picha. Alipoambiwa Mpanda alikunja shati lake akasema haya, tufungashe. Mimi ni Mluguru. Nilikuwa na fremu yangu ya ushonaji pale Bigwa, cherehani mlangoni, na kila nikiinua kichwa kukata uzi nauona mlima. Sikuwa nauangalia. Nani anaangalia ukuta wa nyumba yake? Lakini ukijifunika wingu mpaka kiunoni nilijua niingize nguo za watu ndani, na ukiwa wazi mpaka juu nilijua leo nitafua. Wateja wakiniuliza kama mvua itanyesha, nilitupa jicho kidogo tu nikajibu, na ilikuwa nadra kukosea. Nilikuja kujua kwamba nilikuwa nauangalia kutwa nzima siku nilipofika mahali usipokuwepo.

Mama alikuwa anaishi juu huko, upande wa Kinole, kwenye nyumba ambayo bati zake walizipandisha kichwani yeye na dada zake, kwa miguu. Nyuma ya nyumba migomba, chini ya migomba minanasi, pembeni midalasini ambayo ukiparua gome lake kwa kucha, harufu inabaki kidoleni mpaka jioni. Kwetu shamba hufuata mama. Mama alipewa na bibi, bibi alipewa na mama yake. Kaka zangu wanakula humo lakini si lao, na watoto wao watapata kwa mama zao. Dada zangu wote wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi. Shamba lote lile, na midalasini yake, na makaburi ya bibi zangu, yalikuwa yananisubiri mimi, na mimi niko mjini nashona sketi za sare.

Masika ile mama aliteleza kwenye njia ya mtoni akaumia goti. Alikaa kwenye tope muda mrefu, mpaka mjomba, mdogo wake, alipopita akitafuta mbuzi. Nikasema basi, peke yake hakai tena. Na sisi ndio hao tunahama. Ningemwacha na nani? Kaka zangu wanaishi mbali kwa wake zao, mjomba naye ni mzee, na mwanamume hawezi kumwogesha dada yake.

Nilipanda kumwambia. Shikamoo, marahaba, nikapewa ndizi za kuchemsha, nikala, ndipo nikasema. Nilijiandaa kwa vita. Lakini aliyeuliza hakuwa mama, ni mjomba: "Na moto wa hapa atauwasha nani?" Halikuwa swali la kuzugia. Kwetu nyumba isiyofuka moshi inahesabiwa imekufa, na shamba lake linaanza kuzungumzwa kwenye vikao vya ukoo. Mama akamjibu, "Utauwasha wewe, kila Ijumaa, mpaka nirudi." Mimi nikasikia "Ijumaa", ile "mpaka nirudi" sikuisikia. Akaniambia atakwenda, ila na paka wake. Nilifurahi hata nikaomba ndizi nyingine. Ningekuwa na akili ningeogopa, maana mama yangu hajawahi kukubali jambo upesi namna ile.

Paka mwenyewe alikuwa dume, wa kijivu, sikio moja limeliwa na mwenzake, na kiburi kama cha mwenye nyumba. Sisi tulikuwa na mbwa, mweupe na mweusi, wa watoto. Vyombo vilitangulia na Fuso. Watoto walitaka tupande treni ya umeme hadi Dodoma, nikawauliza mbwa naye atakaa dirishani anunue soda? Tukaenda na Noah yetu.

Sasa kupangana ndani ya Noah ndiyo ilikuwa kazi. Mama goti linamuuma, kiti cha mbele ndicho kingemfaa. Lakini mbele yupo mkwe wake anaendesha, na mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega, hata kama gari ni moja na safari ni ya siku mbili. Salamu ndiyo, wanasalimiana vizuri sana. Maneno mengine yote yanapitia kwangu. Kwa hiyo mbele nilikaa mimi, katikati mama na watoto wangu wawili na kiroba cha paka mapajani, na nyuma kabisa, kati ya magodoro na ndoo, mbwa. Mbwa akawa anahema kwenye kisogo cha mama. Mama ni mtu wa swala tano, udenda wa mbwa ukimgusa ni najisi, nguo inaoshwa upya. Alitundika khanga kuukuu katikati yao kama pazia la hospitali, na khanga yake ya kuswalia akaiweka kwenye mfuko, akaikalia.

"Mwambie mumeo asimamishe," alikuwa akisema, na mume wangu amekaa pale pale, anasikia kila neno, lakini anasubiri mpaka mimi niseme, "Simamisha, mama anataka kuchimba dawa." Ndipo anasimamisha, anashuka, anakwenda mbali kabisa mbele ya gari, anageukia upande wa pili na kuangalia miti. Anapenda miti, lakini si kiasi kile.

Mimi gari likianza kwenda hulala. Ni ugonjwa wangu tangu zamani. Tulipotoka Msamvu niliugeukia mlima mara moja, nikaona umevaa wingu lake, nikajiambia usilie mbele ya watoto, nikafumba macho, na macho yaliyofumba hayakawii kupata usingizi. Niliamka Dumila kwa kelele za wauza nyanya, na hapo ndipo nilipoona ule mchezo wa kiroba. Baada ya hapo nikawa naamka naona, nalala nasikia.

"Hapa Gairo," mama alikuwa anamwambia paka, kichwa chake chenye sikio moja kikiwa nje ya mdomo wa kiroba. "Upepo wake ndiyo huu. Ukishaupata upepo huu, jua umekaribia, bado kushuka tu." Na Kibaigwa, mbele ya magunia ya mahindi: "Hapa utakula. Penye mahindi pana panya." Nikamwambia, "Mama, unamharibu huyo paka. Atatuaibisha, tutafika atatoroka." Akaniambia, "Kwani nimemfanya nini? Nazungumza naye tu. Huyu si mkwe wangu."

Watoto wakacheka. Mume wangu naye akauma mdomo wa chini, macho barabarani. Niliona nimezidiwa, nikalala.

Dodoma sikuiona. Manyoni niliamshwa na kituo cha mafuta, na mama alikuwa amemwinua paka mzima mzima kama mtoto anayeonyeshwa harusi. "Angalia vizuri hapa, njia zinagawanyika. Ukitoka huko tuendako, shika kulia. Kushoto ni Singida, na Singida huna mtu." Tabora tulilala gesti, mwenye gesti alimkataa mbwa, mume wangu akalala naye ndani ya gari, asubuhi wote wawili shingo zimepinda. Siku ya pili ikawa Sikonge, Ipole, asali kwenye chupa kando ya barabara, kisha msitu usiokwisha wa kuelekea Koga, na mbung'o wakaingia madirishani kutuuma hata juu ya nguo. Watoto walilia. Mama alikuwa anaua mbung'o kwa kandambili huku anasema, "Daraja la Koga. Usivuke usiku." Nilikuwa nimelala nusu, nikawaza huyu mama yangu maskini amechanganyikiwa na safari. Nikafunika uso kwa mtandio.

Mpanda ilitupokea vizuri, sitaisema vibaya. Nyumba ya serikali ina vyumba vikubwa, ua una mpapai, maji yanatoka. Jirani wa kushoto, mama mmoja muuza samaki, alileta migebuka wa kukaanga jioni ile ile tuliyofika, hajui hata sisi ni nani. Mbwa alizunguka ua mara moja, akachagua kivuli, akalala, akawa mtu wa Mpanda. Watoto walichukua wiki moja. Mume wangu ndiyo kabisa, tambarare, miti, kama amerudi kwao.

Asubuhi ya kwanza mama alitoka barazani na khanga yake ya kuswalia, akasimama. Akageuka huku, akageuka kule. "Kibla wapi?" akaniuliza. Nyumbani kwake aliswali mlima ukiwa mkono wake wa kushoto, miaka yote, hakuwahi kuhitaji kuuliza. Hapa pande zote zilikuwa sawa. Mwanangu mkubwa akatoa simu, akamtafutia kibla kwenye simu, mama akasimama pale simu ilipoelekea. Alipomaliza aliniambia, "Nimeswali, lakini sijui nimesimama wapi." Mimi nilikuwa nimetoka na beseni la nguo, nikainua uso kuangalia kama wingu limeshuka, nikakuta hakuna kitu, anga tu mpaka chini. Niliweka beseni nikaingia jikoni nikalia kwenye khanga. Nilipatamani kwetu mpaka kifua kikauma, kifua kweli, cha kushika na mkono.

Paka alikaa siku chache tu. Alikuwa anapanda juu ya ukuta na kuangalia barabara, kisha asubuhi moja hakuwepo. Watoto walitafuta mpaka sokoni. Nilimgeukia mama, "Si nilikwambia?" Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Ameshaondoka," akasema, kama mtu anayezungumzia basi la alfajiri.

Kuanzia siku hiyo ikaanza safari nyingine ndani ya nyumba yangu. Watoto wakirudi shule hawaulizi chakula, wanauliza, "Bibi, leo yuko wapi?" Na mama anawajibu. Leo yuko msituni, anakaa juu ya mti kwa kuogopa fisi. Leo Koga, amevuka mchana kama nilivyomwambia. Leo Sikonge, amepata mtu mwenye maziwa. Tabora akamweka siku nyingi mno, mpaka mimi mwenyewe, niliyeapa kutojiingiza, nikapaza sauti toka jikoni, "Kwani Tabora anafanya nini muda wote huo?"

"Maembe yameiva," akasema mama.

"Mama, paka hali maembe."

"Maembe wanakula ndege. Paka anakula ndege."

Lakini kilichonikera si uongo wake. Kilichonikera ni kwamba nami nilikuwa namfuata yule paka. Nikikaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, akili iko Itigi. Nilijikuta naomba Mungu asipotee pale Manyoni. Na huku namwona mama mwenyewe anapungua. Goti lilikuwa limepona, anatembea, lakini chakula anakigusa tu. Anakuwa mwepesi. Nilipomwogesha niliona mbavu. Majirani walikuja wakakaa naye, akawachekea, akawauliza habari za watoto wao, wakaondoka wakisema mama yako mcheshi. Wakishatoka anageuza kigoda chake kuelekea upande wa barabara ya Tabora, anakaa. Nikaanza kuogopa kwamba nitamzika pale, mbali na mama zake, kwenye udongo ambao hata kuelekea kibla tunaambiwa na simu. Na nikimrudisha, nitamrudisha kwenye nini? Kwenye njia ya mtoni, na tope, na peke yake. Kila nikigeuka nakuta nimemkosea mama yangu.

Desemba ilipokaribia, paka akafika Gairo. Kisha Dumila. Siku mama aliposema, "Leo analala Bigwa, kesho anapanda," nyumba nzima ilikosa utulivu. Kesho yake, baada ya chakula, aliniomba nimpigie mjomba, na niweke sauti ya juu kila mtu asikie. Mume wangu alikuwepo, amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Watoto chini kwenye mkeka. Simu ikaita, mjomba akapokea, wakasalimiana kirefu kama wanavyosalimiana watu wa milimani, habari za migomba, habari za mbuzi, habari za waliofiwa. Kisha mama akauliza.

"Paka amefika?"

Moyoni nilimwomba mjomba aseme amefika, halafu papo hapo nikamwomba aseme hajafika. Sijui nilitaka nini.

"Hajafika, dada," akasema mjomba. "Moto nauwasha kila Ijumaa, mlango naufungua, hewa inaingia. Lakini paka sijamwona."

Mama alinirudishia simu mkononi. Nilidhani atalia. Alijifunga mtandio vizuri, akageuka, na macho yake yakapita mimi, yakapita watoto, yakamfikia mume wangu pale mlangoni. Tangu nimeolewa sijawahi kuona hivyo. Akamwambia yeye, si mimi.

"Baba, paka amenishinda. Nirudishe mwenyewe."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Aliinamisha kichwa, kama inavyompasa mtu akiongea na mama mkwe, akajibu, "Ndiyo, mama." Kisha akatoka nje, na tukamsikia anafungua boneti ya gari.

Niligomba, nisiseme uongo. Niligomba mpaka mbwa akatoka ndani. Nani atakuogesha? Ukianguka tena? Watu watanisemaje, kwamba nimemtupa mama mlimani na mimi nakula raha Mpanda? Mama akaningoja nimalize. "Binti wa mjomba wako ameachana na mumewe, yuko pale, atalala kwangu," akasema. Kumbe walishapanga, yeye na mdogo wake, kwa simu ya jirani muuza samaki. "Na watu watasema," akaongeza. "Kwani hapa hawasemi?"

Shule zilipofungwa tukaondoka. Mbwa tulimwacha kwa jirani yule yule, hakujali hata kidogo. Tulikaa ndani ya Noah vile vile, mimi mbele, mama katikati, na kiti chake sasa hakina pazia wala kiroba. Nilikuwa nimenuna. Mtu akinuna kwenye gari hulala haraka zaidi.

Lakini usingizi wa safari hii ulikuwa na masikio. Nilimsikia akisema "Koga" kabla magurudumu hayajaliza daraja. "Ipole." Kisha asali zikapita dirishani. Tulipokaribia Manyoni, kabla hata ya kibao, akasema taratibu, peke yake, hakuna paka wala mtoto anayemsikiliza, "Hapa tunashika kulia." Nilifungua macho. Nikamtazama kwenye kioo cha kuangalizia nyuma. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, midomo inacheza, kama mtu anayesoma uradi. Kabla ya kuhamia Mpanda hakuwahi kuvuka Dodoma katika maisha yake. Njia yote ile alikuwa ameishika kichwani, mti kwa mti, na mimi niliyekwenda shule nilikuwa nimeipita nimejifunika mtandio usoni.

Nikalala tena kwa aibu.

Nilishtuka mtu ananigusa bega. Mume wangu. "Mama amesema nikuamshe," akasema. Na nyuma nikamsikia mama mwenyewe, "Ndiyo, baba, mwamshe mkeo." Tulikuwa tumepita Dakawa. Mbele yetu, upande wa kulia wa kioo, mlima ulikuwa umetokeza, buluu kwanza, halafu ukazidi kukua, na wingu lake begani. Nililia, safari hii mbele ya watoto. Mwanangu mdogo akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani kulikuwa kunafuka moshi, na haikuwa Ijumaa. Mjomba alisimama mlangoni, na binti yake nyuma na sufuria. Mama alipanda kwa fimbo, anapumzika kila penye jiwe, hataki kushikwa. Alipofika aliugusa mlango kwanza ndipo akawasalimia watu. Kisha akatandika khanga yake uani, mlima mkono wa kushoto, akaswali bila kumuuliza mtu.

Mume wangu na watoto walirudi kabla yangu. Mimi nilibaki mpaka karibu na kufungua shule, nikipalilia naye minanasi, nikibishana na binti wa mjomba jinsi ya kumsugua mama mgongo, nikinusa vidole vyangu jioni. Asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka kwenye jiwe la kwanza tu, goti haliruhusu zaidi. Sikutaka kuondoka, nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, mama, mimi sitaki kwenda. Alinishika mkono wenye alama za sindano za miaka yote ile, akausugua.

"Nenda, mumeo yuko huko," akasema. "Lakini usilale. Wewe unalala mno. Angalia njia."

Nilipanda basi Msamvu na sikulala. Naapa. Basi zima linakoroma, mimi shingo imegeuka nyuma, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Kilima unachokiona kwa mbele kina sura, na kwa nyuma kina sura nyingine, na mimi nilikuwa naitaka ile ya nyuma. Abiria mwenzangu, mzee mmoja wa Urambo, aliniuliza mwanangu umesahau kitu? Nikamwambia hapana, shikamoo.

Nilipofika Mpanda, watoto walinipokea kituoni wanaruka. Paka amepatikana. Yupo kwa jirani muuza samaki, nyuma kule kwenye banda la kukaushia, alikuwepo siku zote, amenenepa, sikio lake lile lile, na akiitwa haji. Nilikwenda kumwona na begi likiwa bado begani. Alinitazama kama mtu usiyemdai kitu. Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye magamba ya samaki.

Nilimpigia mama. Alicheka naye, akakohoa, akacheka tena. "Mwacheni," akasema. "Yeye amepata kwake." Nikasikia kuku wa huko, na maji yanamiminwa kwenye kitu.

"Na wewe, ulilala?"

"Sikulala."

"Nitajie."

Nikamtajia, nimesimama uani, nimegeukia barabara ya Tabora. Koga, usivuke usiku. Ipole. Sikonge. Tabora. Itigi. Manyoni, shika kulia. Nikateremka Saranda, nikapita Bahi, Dodoma, Kibaigwa kwenye mahindi, Gairo kwenye upepo. Dumila, daraja. Dakawa, na hapo mlima unatokea kulia. Msamvu. Bigwa, ilipokuwa fremu yangu. Kisha kupanda, jiwe la kwanza, jiwe la pili, midalasini.

"Halafu?" akasema mama.

"Halafu nimefika. Mlangoni kwako."

"Kwako," akasema. "Mimi nakuwashia moto tu."

Nilimwambia ndiyo, mama. Akaniambia nikapike, watoto wana njaa.